Mahali pa Kuzaliwa

Anna anasema alikaa mstari wa pili, karibu kabisa na spika, kwa hiyo hakuna neno lililompita. Anasema kikao cha tawi kilianza vizuri tu. Sala ilisaliwa, wimbo wa chama ukaimbwa, wagombea wa uenyekiti wa tawi wakatambulishwa mmoja mmoja, na Yonasi alipotajwa alipigiwa makofi kuliko Boazi. Hapo ndipo Boazi aliposimama bila kuitwa, akachukua kipaza sauti, na kwa mkono wa pili akatoa karatasi mfukoni.

"Akaikunjua taratibu, mama Leah, kama mtu anayesoma barua ya posa," alisema Anna. Alikuwa amesimama upande wake wa uzio wa mabanzi, kanga ya chama bado kiunoni. "Akasoma. Jina kamili, Yonasi Simbeye. Mahali pa kuzaliwa, Nakonde. Akarudia. Nakonde. Halafu akatuuliza, wenzangu, Nakonde iko wilaya gani ya Tanzania?"

Upande wa pili Tusekile, mama yake Leah, alikuwa anaanua mahindi. Mikono yake ilibaki ndani ya ungo.

"Watu wakasemaje?"

"Watu walicheka. Mimi sikucheka." Anna alisogeza uso kwenye uwazi wa mabanzi. "Akasema chama kimeingiwa na kupe. Wananyonya huku, wanazikana kule. Akasema kila nyumba yenye kupe hapa Chapwa inajulikana, na Jumamosi kwenye mkutano wa kata majina yatasomwa yote, halafu wenye nchi yao wataamua wenyewe."

"Na mzee Sadoki? Mwenyekiti wa kata si alikuwa mgeni rasmi?"

"Alikuwepo."

"Alifanya nini?"

Anna alitazama nyuma yake, barabarani, ambako malori yalikuwa yamesimama kwenye foleni ya kuvuka mpaka kama yalivyosimama tangu juzi. "Alicheka," alisema. "Si sana. Lakini alicheka."

Tusekile alishukuru kwa taarifa, akaingiza mahindi ndani, akakaa juu ya gunia. Jambo la karatasi ndilo lililomkalisha. Maana ile ilikuwa fomu ya mumewe Yonasi ya kugombea, na mwandiko uliokuwemo ulikuwa wake yeye Tusekile.

*

Yonasi alirudi jua likiwa bado juu, akavua viatu mlangoni, akavipanga sawasawa, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya. Alikuwa mtu mrefu, dalali wa mizigo pale kwenye foleni ya malori, mwenye sauti ya kuita dereva aliye mbali. Siku hiyo aliongea kama yuko hospitali.

"Umeshasikia."

"Anna amenieleza."

"Anna kakuambia mzee alicheka?"

"Ndiyo."

"Hakucheka. Alikuwa anaangalia simu yake. Nilimtazama tangu mwanzo mpaka mwisho, mama Leah. Alishika simu, akawa anapandisha na kushusha kidole, na simu yenyewe ilikuwa imezima. Nilikuwa karibu, niliiona."

Tusekile alimpa maji ya kunawa. Miaka kumi na mitano mume wake alikuwa amebandika matangazo ya chama kwenye nguzo za Tunduma nzima. Mwaka fulani alipigwa nondo ya mguu kwa ajili ya bendera, na mpaka leo wakati wa baridi huwa anachechemea. Alipoamua kugombea, alileta fomu nyumbani, akampa yeye aijaze, kwa sababu Tusekile aliishia darasa la saba lakini mwandiko wake ni safi kama wa kuchapwa kwa mashine. Walipofika kwenye mahali pa kuzaliwa alisimamisha kalamu.

"Niandike Chapwa?"

"Andika ukweli," Yonasi alisema siku ile, anakula karanga. "Mimi nimezaliwa Nakonde, kila mtu anajua. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama yake mama. Hata wewe ulikwenda kwenu Ileje kumzaa Leah."

Ni kweli, alikwenda. Ndivyo ilivyo kwa watu wa huku. Mimba ya kwanza ikifika miezi saba, mwanamke hurudishwa kwa mama yake ajifungue mikononi mwake, na mtoto akishakomaa shingo baba anakwenda kuwachukua. Mama yake Yonasi kwao ni Nakonde, mwendo wa kutembea tu kutoka Chapwa, unavuka mpaka kuingia Zambia, unapita wauza kwacha, pesa ya kule, umefika. Baba yake, Simbeye, alizaliwa Chapwa, akalima Chapwa, na kaburi lake liko nyuma ya choo cha shule ya Chapwa, lina msalaba wa saruji. Kwa hiyo Tusekile aliandika Nakonde, kwa herufi kubwa, akafurahi jinsi lile neno lilivyokaa ndani ya mstari.

"Ile fomu ulimpa nani?" aliuliza sasa.

"Dennis. Katibu. Mkononi mwake, akaifungia kwenye kabati, nikaona."

"Basi Dennis ndiye aliyempa Boazi."

Yonasi aligeukia mlangoni. Alimwambia tu Leah aingie ndani, aache kucheza barabarani.

*

Jumatatu Leah alirudi kutoka shule bila kufuta machozi usoni. Watoto walikuwa wamempa jina, Kwacha. Wakimwona wanapiga makofi na kumsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, Kwacha," halafu wanakimbia. Jumanne mchana, saa ambayo hata kuku wanajificha jua, mtu aliandika ukutani kwao kwa oili chafu: KWENU NG'AMBO. Watu wanne walikuwa wamekaa kwa fundi pikipiki ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na ukuta ule. Tusekile alipotoka kuwauliza, mmoja alisema hawakuona mtu, mwingine akasema labda ni oili imejiandika.

Alisugua kwa mchanga na sabuni ya unga. Maneno yakapungua weusi, yakazidi upana.

Kilichomtisha zaidi hakikuwa ukuta. Mama muuza maandazi, ambaye kila asubuhi humwongezea moja kwa ajili ya Leah, Jumatano alimhesabia sawasawa na kumpa bila kumtazama. Pikipiki mbili zilianza kupita mbele ya nyumba, zinakwenda mpaka kwenye kona, zinageuka, zinarudi polepole. Waliozipanda walivaa fulana za chama. Ni fulana zile zile Yonasi alizozipokea kutoka kwenye lori na kuzigawa kwa mikono yake mwenyewe, na moja alikuwa nayo kabatini.

"Tukaripoti," alisema Tusekile.

"Wapi?"

"Kwenye chama kwanza."

"Mama Leah," alisema Yonasi, "hao ndio chama."

*

Alhamisi bibi Nambeye, mama yake Yonasi, alifika na unga wa muhogo kama anavyofika kila Alhamisi. Alipofiwa na mumewe alirudi Nakonde kumuuguza dada yake, lakini wiki haipiti hajavuka. Alisimama mlangoni, akaweka mzigo chini, akainama ili apige makofi ya salamu. Makofi ya watu wa pande hizi si ya kushangilia. Viganja vinakunjwa kidogo, vinakutana taratibu, mara tatu au nne, na aliye ndani lazima ajibu kwa yake, hata kama mikono ina unga, ndipo mgeni ajue amepokelewa. Tusekile, Mndali wa milima ya Ileje, alifundishwa makofi hayo na huyu huyu bibi wiki aliyoolewa, amepiga magoti kwenye jamvi, akachekwa mpaka akayapata.

"Mama, usipige," alisema Tusekile. Alimshika mikono. "Ingia tu."

Bibi Nambeye alimtazama. "Kuna msiba?"

"Hapana, mama. Ingia ndani tuzungumze. Barabarani kuna watu."

Yule bibi aliingia bila salamu, kwa mara ya kwanza katika nyumba ya mwanawe, akakaa kwenye kiti ukingoni kabisa kama aliyekuja kuomba kazi. Tusekile alimweleza yote. Leah alikuwa pembeni, na bibi yake alipomnyooshea viganja, mtoto aliificha mikono yake mgongoni.

Hilo lilimuumiza bibi kuliko maneno ya Boazi. Alikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Sadoki anasemaje?" aliuliza mwishoni.

"Hajasema kitu."

"Sadoki huyu wa mtaa wa Mwaka? Sadoki ambaye na mama yake tulichota maji kisima kimoja?" Aliteremsha sauti. "Mwanangu, Sadoki kazaliwa Nakonde. Nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikuwa msichana, nilitumwa kuchemsha maji. Yeye ni mtoto wa kwanza kwa mama yake, angezaliwa wapi kwingine? Nenda kamwambie kwamba Nambeye bado anakumbuka yale maji."

Tusekile alifurahi kwanza, halafu akaogopa. Alikuwa amepewa kitu kizito na hakujua akiweke wapi.

"Nikisema hivyo, mama, nitakuwa nimefanya kama Boazi."

"Basi usiseme," alisema bibi, amekasirika. "Endelea kunishika mikono mlangoni."

*

Bibi hajaondoka, Dennis akabisha hodi. Katibu wa tawi alikuwa kijana mpole wa maungo madogo, mwenye bahasha kwapani na tabasamu la kuomba radhi kabla hajakosa. Alimkuta Yonasi naye amesharudi nyumbani, akakaa, akasifia unga.

"Kaka, uongozi umekaa," alisema. "Umesikitika sana. Umeona hili jambo tulimalize kifamilia, kabla ya Jumamosi, maana wageni wa wilaya wanakuja na hatutaki chama kionekane kina mpasuko."

"Boazi ameitwa?"

"Boazi ataitwa. Baada ya uchaguzi. Kijana ana wafuasi wengi, kaka, wewe unajua, ukimgusa sasa hivi utaivunja kata nzima." Alitoa karatasi. "Hapa tumeandika kidogo. Kwamba yaliyosemwa Jumapili yalikuwa utani wa jukwaani kati ya marafiki. Na kwamba wewe, kwa hiari yako, kwa sababu za afya, unajitoa. Ukisaini, mzee atahakikisha majina hayasomwi."

"Na nisiposaini?"

Dennis alitazama bahasha yake. "Mimi ni katibu tu, kaka."

"Fomu yangu ilitokaje kabatini?"

"Kabati lile halina ufunguo siku nyingi."

"Nilikuona unalifunga."

Nje pikipiki zilipita, zikageuka, na wote mle ndani walizisikia zinarudi. Yonasi aliichukua ile karatasi, akaisoma, akaiweka mezani.

"Niachie nifikirie," alisema Yonasi.

"Mpaka kesho jioni, kaka." Dennis alisimama, akakumbuka kitu. "Mama Leah, na wewe usitutupe. Jumamosi wageni ni wengi. Wali na maharage kama siku zote, sufuria zile kubwa. Hakuna anayepika kama wewe."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Ndicho kilichomshangaza Tusekile. Alikuwa anamwomba awapikie watu ambao wangesomewa jina la mume wake, na hakuona kasoro yoyote.

*

Usiku ule Yonasi hakugusa chakula, na asubuhi alikuwa bado anaitazama karatasi. "Nikisaini nimekubali ulikuwa utani," alisema. "Basi kesho wakimfukuza mtu mwingine watasema, hata Yonasi alitaniwa, mbona alicheka. Nisiposaini, Leah anatembea kwenda shule kila siku."

"Usisaini bado," alisema Tusekile. "Ngoja nirudi."

"Unakwenda wapi?"

"Kuuliza habari ya sufuria."

Ofisi ya chama ya kata ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Barazani walikuwepo vijana sita au saba, na Boazi mwenyewe katikati yao, amekaa kwenye kiti cha plastiki anachaji simu. Kwenye duka lake ndiko watu wa Chapwa wanakonunua vocha, na Tusekile alikuwa amenunua kwake mwezi uliopita, akaongezewa na pipi ya mtoto.

"Karibu, mama," alisema Boazi kwa adabu. "Umekuja na pasi ya kusafiria?"

Vijana walicheka. Tusekile alisema, "Habari za asubuhi," akapita.

Mzee Sadoki alikuwa peke yake mezani, amevaa koti la suti juu ya sweta, kalamu mkononi. Alikuwa mzee mwenye sura ya upole, mtu wa kuongoza mazishi, ambaye akisimama kwenye msiba watu huacha kulia ili wamsikie. Ndiye aliyemzika Simbeye. Ndiye aliyesema Jumapili ile ya mazishi kwamba watoto wa marehemu ni watoto wake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mambo ya jikoni mwone Dennis."

"Sijaja kwa mambo ya jikoni, baba."

Mzee alitazama mlango uliokuwa wazi nyuma ya Tusekile. Aliinuka nusu kama anayetaka kuufunga, akakaa tena. Kuufunga mlango na mke wa Yonasi ndani, mbele ya vijana wale, nalo lingekuwa neno.

"Yonasi amesaini?"

"Bado."

"Amwogope Mungu, asaini. Mimi ninamtetea kwa njia yangu. Nyie hamuoni ninayoyafanya. Nikisimama leo nikamkemea Boazi, kesho nitaitwa na mimi kupe. Chama kikiingia kwenye mambo ya huyu katoka wapi na yule katoka wapi, kitakufa."

"Kimeshaingia, baba."

Mzee alishusha kalamu. "Nani amekutuma?"

"Nimejituma."

"Nambeye alikuja jana. Nimeambiwa." Aliyatamka kwa sauti ya chini sana, na Tusekile akamtazama usoni. Akaona kwamba mzee alikuwa anajua nini kinakumbukwa Nakonde, kwenye nyumba ya tatu, na kwamba tangu Jumapili hakuwa amelala. Mtu mkubwa wa kata nzima alikuwa anamwogopa yeye, mpishi wa maharage. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Angelisema kwa sauti ya kawaida tu na wale wa barazani wangelisikia, na pikipiki zingebadili njia, zianze kupita mbele ya nyumba nyingine.

"Mama ametuletea unga, baba. Hakusema kitu kingine."

Mzee Sadoki alipumua. Mabega yake yalishuka ndani ya koti.

"Mwanamke mwema yule," alisema.

"Baba, ninaomba jambo moja. Sikuombi umfukuze Boazi. Sikuombi umtaje Yonasi, wala uchaguzi. Kesho ukishika kipaza sauti, kabla hawajasoma majina, sema tu kwamba kwa desturi yetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Basi. Wazee wote walioko pale watakuelewa. Sema kama unavyosema kwenye msiba, polepole. Halafu ukae."

Nje kicheko kilikatika. Mtu aliburuta kiti karibu na dirisha.

Mzee aliichukua simu iliyokuwa mezani, akaigeuza, akaiweka ilipokuwa. Tusekile aliona kivuli cha Boazi kimefika kizingitini, kimelala sakafuni kati yake na meza, na alijua kwamba akitoka pale bila kitu atatembea barabara yote ya kwenda nyumbani akiwa na kivuli kile nyuma yake.

Alipiga magoti. Saruji ilikuwa baridi. Alikunja viganja kama alivyofundishwa kwenye jamvi, akapiga makofi ya kuomba, taratibu, mara moja, mbili, tatu, nne. Yalisikika mpaka barazani. Kisha akasubiri, kichwa chini, kama inavyotakiwa, akisikiliza kama mikono ya mzee itajibu.

Alisikia kitambaa cha koti kikisugua. Aliinua macho kidogo tu. Mzee Sadoki alikuwa anatazama mlangoni, na mikono yake yote miwili alikuwa ameiingiza mifukoni.

Tusekile alipiga tena.